Kauri zisizo na risasi za vipandikizi: kosa liko kwenye mafuta, tanuri au mizani?

Kisahani kimetolewa kwenye mafuta, kimefutwa, kimebanwa kwenye kipimo cha d33 (kiasi cha chaji ambacho kauri hutoa inapobanwa), na namba inayosomeka ni 12 pale ilipotarajiwa 90. Mkono wa kwanza huenda kwenye kitufe cha volteji. Kisahani cha pili kinatoboka, na cha tatu vilevile. Kwa kauri hizi, hitilafu nyingi zinazoonekana wakati wa kutia ncha zilianza siku kadhaa kabla, kwenye mizani na kwenye tanuri. Volteji kubwa inazifichua tu. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, lakini utakurudisha nyuma mara nyingi.

Kauri zinazozungumziwa ni mbili: niobeti ya potasiamu na sodiamu, ambayo maabarani huitwa KNN, na titaneti ya bariamu, yaani BT. Zote mbili hutafitiwa kwa vipandikizi vya mifupa na vifaa vidogo vya kuzalisha umeme mwilini, kwa sababu PZT (kauri ya risasi, zirkoniamu na titani) iliyozoeleka viwandani ina risasi inayozidi 60% ya uzito wake. Kutia ncha ni kuiweka kauri ndani ya uga mkali wa umeme ili vikoa vyake, ambavyo baada ya kuchomwa vinaelekea kila upande, vielekee upande mmoja. Bila hatua hiyo kauri haitoi umeme inapobanwa.

Namba za kulinganishia

KNN safi (nusu potasiamu, nusu sodiamu): densiti kamili 4.51 g/cm³, kiwango cha Curie (joto ambalo juu yake kauri hupoteza ncha zake) karibu nyuzi 420 za Selsiasi, badiliko la umbo la kristali karibu nyuzi 200, d33 kati ya 80 na 100 pC/N (pikokulombi kwa kila newtoni) kwa uchomaji wa kawaida.

BT safi: densiti kamili 6.02 g/cm³, Curie karibu nyuzi 120, badiliko la umbo karibu nyuzi 5, d33 kati ya 150 na 190 pC/N.

Ukiona makala inataja d33 ya 400 au 600, angalia kwanza kama si kauri iliyoongezwa vitu vingine au iliyopangwa chembe zake. Kisahani chako cha KNN safi kinachotoa 95 hakina ugonjwa.

Usalama kwanza, kwa kifupi

Utiaji ncha hutumia volti 2,000 hadi 5,000. Sanduku la mafuta liwe na swichi ya mlango inayokata umeme mlango ukifunguliwa. Kikomo cha mkondo kiwekwe 1 mA au chini yake, ukinzani wa 10 MΩ uungwe mfululizo na kisahani, na fimbo ya kuondolea chaji iliyounganishwa na ardhi iwe karibu. Usifanye kazi hii ukiwa peke yako. Kisahani chenyewe huhifadhi nishati kidogo sana. Hatari iko kwenye kapasita za chanzo cha umeme na nyaya zake, ambazo hubaki na chaji hata swichi ikiwa imezimwa. Kama kimojawapo cha vitu hivi hakipo, au chanzo chako kimeundwa nyumbani na hujui waya wa ardhi unaishia wapi, acha. Mwite fundi wa umeme anayejua volteji kubwa kabla ya jaribio la kwanza.

Dalili: kisahani cha KNN kinatoa unyevu, kinakuwa na ukungu mweupe au kinabomoka baada ya siku chache

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na watu huilaumu hewa. Hewa ina sehemu yake, lakini kisahani kilichotengenezwa vizuri hukaa kabatini miezi mingi bila tatizo.

Sababu ya kwanza ni uwiano uliokosewa tangu kupima. Kabonati ya potasiamu hunyonya maji kutoka hewani kwa kasi. Ukiacha kopo wazi kwenye maabara iliyo karibu na bahari, iwe Mombasa au Dar es Salaam, unga huanza kugandamana ukiwa unautazama. Fanya hesabu uone ukubwa wa kosa. Kwa 100 g za KNN unahitaji 20.09 g za kabonati ya potasiamu, 15.41 g za kabonati ya sodiamu na 77.30 g za oksidi ya niobi. Jumla ni 112.80 g, hizo 12.80 za ziada huondoka kama kaboni dioksidi. Sasa kama kabonati ya potasiamu ina maji 5%, umepima potasiamu pungufu kwa gramu nzima, na jumla ya potasiamu na sodiamu imepungua kwa takriban 2.5%. Upungufu huo unatosha kuzalisha kristali ya pili yenye niobi nyingi. Ukijaribu kufidia kwa kubahatisha na ukazidisha, unapata kinyume chake: mabaki ya alkali kati ya chembe, ambayo hunyonya unyevu na kuisukuma kauri ipasuke kutoka ndani.

Hatua rahisi: kausha kabonati zote mbili kwa nyuzi 200 hadi 250 usiku kucha, zipoe ndani ya chombo cha kukaushia chenye silika, kisha zipime moja kwa moja zikitoka humo. Ukikaa kwenye mizani zaidi ya dakika mbili na namba inapanda yenyewe, unapima maji. Kausha oksidi ya niobi pia. (Niobi ni ndugu wa tantali ndani ya koltani ya Kongo, na mabaki kidogo ya tantali kwenye oksidi yako si tatizo, huingia mahali pa niobi na kushusha Curie kidogo tu.)

Sababu ya pili ni kuchanganya kusikokamilika. Saga saa 24 kwenye kinu cha gololi za zirkonia, ndani ya ethanoli isiyo na maji. Usitumie maji, kwa kuwa kabonati zitayeyuka na kujitenga wakati wa kukausha. Kausha ukikoroga, ukiacha tope litulie, vizito vinakaa chini na uwiano unaharibika tena baada ya kazi yote ile.

Sababu ya tatu ni uchomaji wa awali usiokamilika. Nyuzi 850 kwa saa 4, saga tena, kisha rudia uchomaji huohuo. Mara mbili ni bora kuliko mara moja kwa saa nyingi. Ukiwa na mashine ya XRD (inayochunguza kristali kwa eksirei), tazama kati ya pembe za 25° na 30° za 2θ, sehemu ambayo vilele vidogo vya kristali ya pili hupenda kuchomoza.

Jaribio la haraka la kujua uko upande gani: pima kisahani kwa mizani ya 0.1 mg, kitumbukize kwenye maji yaliyosafishwa kwa nyuzi 37 kwa saa 24, kausha kwa nyuzi 120, pima tena. Pima na pH ya maji. Kisahani kilichopungua uzito na maji yaliyopanda hadi pH 9 au zaidi vinasema alkali inatoka. Kundi lote la unga huo lisiendelee kwenye hatua za kipandikizi. Haliponyeki kwa kuchomwa tena.

Dalili: densiti haifiki 95%

Kwa KNN 95% ni 4.28 g/cm³, kwa BT ni 5.72. Chini ya hapo usijisumbue kutia ncha; matundu yaliyojaa hewa ndiyo milango ya cheche.

Anza na joto halisi la tanuri. KNN ina dirisha jembamba mno: chini ya nyuzi 1080 haijakaza, na karibu na nyuzi 1140 inaanza kuyeyuka. Tanuri linaloonyesha 1100 huku ndani ni 1075 linatosha kuharibu mwezi mzima. Njia ya bei nafuu ya kulipima ni kuweka kipande kidogo cha waya wa fedha na kingine cha dhahabu mahali pale pale kinapokaa kisahani: fedha safi huyeyuka nyuzi 961.8, dhahabu nyuzi 1064. Pandisha joto polepole, angalia kila kimoja kimeyeyuka namba gani ikiwa kwenye skrini, na utakuwa umejua kosa la themokapo. Kama kosa ni zaidi ya nyuzi 15 au linabadilika siku hadi siku, mwite fundi wa tanuri. Usijaribu kubadilisha themokapo ya aina ya S mwenyewe kama hujui waya wa fidia unaotakiwa.

Kisha angalia kama alkali imetoroka. Dalili yake ni ngozi ya nje yenye rangi tofauti na ya ndani, au sehemu ya chini ya kisahani iliyogandamana na chungu. Zika visahani ndani ya unga wa KNN uleule, funika chungu cha alumina kwa mfuniko, na ukiweza weka chungu hicho ndani ya kingine. Alumina hula alkali, kwa hiyo kisahani kisiguse sakafu ya chungu moja kwa moja. Panda nyuzi 3 hadi 5 kwa dakika, kaa saa 2 kati ya 1095 na 1110, shuka kwa kasi ileile.

Kingo zilizolainika kama sabuni iliyotumika ni ishara ya kuzidisha joto. Shuka kwa nyuzi 10 tu, si 50.

BT ni mvumilivu zaidi: nyuzi 1300 hadi 1350 kwa saa 2 hadi 4. Shida yake ni nyingine. Kama titani imezidi bariamu hata kidogo, kimiminika hujitokeza kati ya chembe juu ya nyuzi 1320 hivi, na chembe chache hunenepa kwa kumeza nyingine. Densiti inaonekana nzuri, lakini kauri ni dhaifu na hupasuka inapopita Curie.

Dalili: kisahani kinagawanyika matabaka kama chapati, au kina nyufa za duara

Karibu kila mara ni shinikizo. Kalibu ya 12 mm inahitaji takriban 17 kN, yaani tani 1.7, kufikia 150 MPa. Watu husoma kipimo cha tani kwenye mashine ya karakana na kufika tani 5 bila kujua. Punguza hadi 100 MPa, kaa dakika moja, achia polepole sana. Kama bado kinagawanyika, unga umekauka mno au gundi haitoshi: ongeza myeyusho wa PVA wa 5% mpaka PVA yenyewe ifikie 2% hivi ya uzito wa unga, pitisha kwenye chekecheo, acha usiku mmoja unyevu usambae.

Nyufa zinazoonekana baada ya tanuri tu ni za gundi iliyokimbizwa. Panda nyuzi 1 kwa dakika hadi 550, kaa saa 2, ndipo uendelee. Na usitarajie kisahani cha 12 mm kitoke kikiwa 12 mm. Kitatoka karibu 10.3 mm, na kikitoka 11.5 basi rudi kwenye dalili ya densiti.

Dalili: BT imetoka bluu au kijivu

Imepoteza oksijeni na sasa inapitisha umeme. Sababu ya kawaida ni tanuri lililofungwa mno gundi ikiwa bado inaungua, au grafiti kutoka kwenye kalibu. Ichome tena hewani kwa nyuzi 1000 saa 6 hadi 12, ipoe polepole. Ikirudi rangi ya maziwa au manjano hafifu, endelea. Ikibaki bluu katikati ukikivunja kimoja, kundi hilo ni la kutupwa. Usiipeleke kwenye volteji "tuone": itapitisha mkondo, itapata joto, itapasuka ndani ya mafuta moto.

Ukiwa unatengeneza BT mwenyewe, kumbuka kabonati ya bariamu ni sumu ikimezwa, kwa sababu asidi ya tumbo huiyeyusha. Bariamu anayokunywa mgonjwa kabla ya eksirei ni salfati, isiyoyeyuka. Hizi mbili zisichanganywe kichwani. Vaa barakoa na glovu, usile maabarani. Aliyemeza apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Dalili: cheche, mlio, kisahani kimetoboka

Kabla ya kulaumu kauri, soma mahali palipotobolewa.

Tobo pembeni, lenye alama nyeusi inayozunguka ukingo: umeme haukupita ndani, ulipita juu ya uso. Acha ukingo mtupu wa 0.5 hadi 1 mm bila elektrodi pande zote mbili. Futa kingo kwa msasa mzuri na isopropanoli, kwani alama ya kidole ina chumvi inayotosha kuwa njia. Hakikisha kisahani chote kimezama. Hewa huvunjika karibu 3 kV/mm, na povu moja lililonaswa chini ya kishikio linatosha. Mafuta ya silikoni yaliyokaa wazi yana maji: yapashe nyuzi 120 saa 2 hadi 3 bila kisahani, kabla ya kazi. Yasizidi nyuzi 150 hewani, maana hutoa formaldehidi, na daima yawe chini ya kivuta moshi.

Tobo katikati, dogo kama la sindano: tundu au ufa ndani ya kauri. Rudi kwenye densiti. Saga pande zote mbili ziwe sambamba, kwa sababu kisahani chenye 1.0 mm upande mmoja na 0.8 mwingine hupata uga mkubwa kwa robo nzima pale palipo pembamba, wakati wewe umehesabu kwa 1.0.

Tobo lililoambatana na kisahani kuvunjika vipande viwili: volteji ilipandishwa kwa pigo moja. Vikoa vinapogeuka kauri hurefuka upande mmoja na kufupika mwingine. Pandisha 0.5 kV/mm, subiri dakika moja, pandisha tena.

Viwango vya kuanzia: KNN, 3 kV/mm, nyuzi 120, dakika 30. BT, 2 kV/mm, nyuzi 90 hadi 100, dakika 30. KNN inaweza kufikishwa 4 kV/mm kama densiti ni zaidi ya 96%. Zaidi ya hapo unacheza kamari.

Cheche ikitokea zaidi ya mara mbili kwa visahani tofauti mahali pale pale pa kishikio, tatizo ni kishikio. Na mafuta yakitoa moshi au yakibadilika rangi ghafla, kata umeme kwenye swichi kuu, usifungue mlango, usimwagie maji. Kifaa cha kuzimia moto wa mafuta kiwe kimeshawekwa hapo kabla.

Dalili: mkondo unapanda bila kusimama

Ukiwasha, mkondo huruka kwa sekunde chache wakati kisahani kinajaa chaji na vikoa vinageuka, kisha hushuka na kutulia kwenye mikroampea chache. Huo ndio mwenendo mzuri. Unaotulia kisha ukaanza kupanda tena ni onyo: mkondo unapasha kauri, kauri yenye joto inapitisha mkondo zaidi, na mzunguko huo huishia kwenye tobo. Kata volteji papo hapo.

Kagua kwa mpangilio huu. Punguza joto la mafuta kwa nyuzi 20. KNN yenye alkali pungufu huvuja vibaya ikiwa moto, na mara nyingi hutiwa ncha vizuri kwa nyuzi 80 na dakika 45. Pili, pima ukinzani wa kisahani kikiwa baridi kwa mega (kifaa cha kupimia ukinzani mkubwa) ya 500 V. Ulizoea kuona gigaomu, na kikisoma megaomu kadhaa kasoro iko ndani. Multimita ya kawaida haitakuambia chochote hapa. Tatu, ondoa kisahani na upandishe volteji kwenye kishikio kitupu ndani ya mafuta yaleyale. Mkondo ukibaki uleule, umekuwa ukipima mafuta machafu au kebo iliyochoka.

Dalili: d33 ndogo au sifuri, bila cheche wala uvujaji

Geuza kisahani. Inashangaza mara ngapi "sifuri" ni kisahani kilichobanwa kimelala vibaya au elektrodi iliyobanduka upande mmoja. Pima sehemu tano. Kama katikati ni 90 na pembeni 30, uga haukufika pembeni.

Kisha uliza kilipozwa vipi. Kisahani kinachotolewa kwenye mafuta ya nyuzi 120 uga ukiwa umezimwa hupoteza sehemu kubwa ya kazi yote. Uga ubaki mpaka mafuta yashuke chini ya nyuzi 50. Umeme wa gridi ukikatika katikati, kama inavyotokea, usihesabu dakika zilizobaki: ondoa chaji kwa fimbo, pasha upya, anza mwanzo.

Usipime mara moja. Baada ya kutiwa ncha kauri huzeeka, kwa kasi mwanzoni kisha polepole. Kipimo cha kuandikwa ni cha baada ya saa 24. Katika muda huo kisahani kifungwe kwenye karatasi ya alumini inayounganisha pande mbili, maana mabadiliko ya joto pekee huzalisha chaji juu yake na inaweza kurusha cheche kidoleni.

Kama bado namba ni ndogo, tumia kipimo cha impedansi. Kisahani cha KNN cha kipenyo cha 10 mm hutoa mwangwi wake wa kwanza, yaani masafa ambayo hutetemeka kwa nguvu zaidi, karibu 300 kHz. Pembe ya awamu kati ya mwangwi na kinyume chake ikikaribia 90° vikoa vimekwisha kugeuka, na kuongeza volteji hakutasaidia: ulichonacho ndicho kauri hiyo inachoweza. Pembe ya 20° au 30° inamaanisha bado kuna nafasi. Hapo ndipo, na hapo tu, unaongeza uga au dakika.

Dalili: d33 ilikuwa nzuri, sasa imetoweka

Uliza kwanza kama kimepita kwenye otoklevu.

Mvuke wa kutakasia vifaa vya hospitali hufika nyuzi 121 au 134. Curie ya BT ni karibu 120. Kipandikizi cha BT kilichotiwa ncha kikatakaswa kwa mvuke kinatoka kikiwa safi kabisa na kimekufa kabisa kiumeme, na kwa macho hakuna tofauti. BT iliyoongezwa kalsiamu na zirkoniamu, ile ya d33 kubwa, ina Curie ya chini zaidi, takriban nyuzi 90, kwa hiyo hata maji ya kuchemka yanatosha. Tumia gesi ya oksidi ya ethilini, plazma ya peroksidi ya hidrojeni kwa karibu nyuzi 50, au mionzi ya gama, kisha pima d33 ya kisahani cha shahidi kilichopita pamoja na vingine. KNN hustahimili joto la otoklevu, ila mvuke wenyewe hutafuta alkali usoni mwake. Ijaribu kwa visahani vya kutupwa kabla ya kuamua. Uchaguzi wa njia ya kutakasa ni wa mtaalamu wa utakasaji wa vifaa tiba.

Sababu inayofuata ni bunduki ya kulehemu risasi-bati. Ncha ya nyuzi 350 juu ya BT huua eneo lote linalozunguka kiungo. Unganisha nyaya kabla ya kutia ncha, au tumia gundi inayopitisha umeme inayokauka chini ya nyuzi 60.

Ya tatu wengi hawaifikirii: baridi. BT hubadili umbo karibu na nyuzi 5, hivyo kisahani kilichosafirishwa kwenye sanduku la barafu na kurudi kwenye joto kimevuka mpaka huo mara mbili na kila safari hupunguza kidogo. Kwa KNN iliyoongezwa vitu ili badiliko lake la nyuzi 200 lishushwe hadi joto la chumba, tofauti ya d33 kati ya nyuzi 22 za maabara na 37 za mwili inaweza kuwa kubwa. Pima kwa 37.

Dalili: seli zinakufa kwenye jaribio la sumu

Mshukiwa wa kwanza ni fedha. Elektrodi ya rangi ya fedha ni rahisi na inafaa kwa majaribio ya umeme, lakini ioni zake huua seli. Saga pande zote mbili kwa msasa hadi kauri tupu, angalau mikroni 20 kila upande, au tangu mwanzo tumia dhahabu iliyonyunyizwa kwenye ombwe. Mshukiwa wa pili ni mafuta ya silikoni. Isopropanoli peke yake haiyaondoi. Anza na heptani kwenye beseni la mawimbi ya sauti, mara mbili, ukiwa mbali na moto, kisha isopropanoli, kisha kausha kwa nyuzi 60. Tone la maji likisimama kama shanga juu ya kisahani, silikoni bado ipo.

Mshukiwa wa tatu ni kauri yenyewe. Maji ya kulishia seli yenye rangi nyekundu yakigeuka waridi au zambarau baada ya kuloweka kisahani, pH imepanda na alkali inatoka. Hiyo ni dalili ileile ya kwanza ikirudi kwa mlango mwingine. Kwa BT pima bariamu iliyotoka kwa ICP-MS, mashine inayopima metali kidogo sana kwenye kimiminika. Weka uwiano unaotakiwa na ISO 10993-12, kiwango cha kimataifa cha kuandaa sampuli za vifaa tiba: kwa unene wa 0.5 hadi 1 mm ni 3 cm² kwa mililita, hivyo kisahani kimoja cha 10 mm kwa 1 mm, chenye karibu 1.9 cm², kilowekwe kwenye mililita 0.63 tu. Ukiloweka kwenye mililita 5 utapata matokeo mazuri ya uongo.

Daima weka pamoja kisahani kilekile ambacho hakijawahi kutiwa ncha wala kuguswa na mafuta. Kikiua seli nacho, acha kusafisha na urudi kwenye mizani. Kisipoua, kosa liko kati ya elektrodi na beseni la kusafishia. Matokeo ya maabara ya seli, hata yakiwa mazuri kiasi gani, si ruhusa ya kuweka kisahani hiki ndani ya mnyama au mtu. Hatua hiyo inahitaji kibali cha kamati ya maadili, utengenezaji chini ya ISO 13485 (kiwango cha ubora wa utengenezaji wa vifaa tiba) na watu waliofunzwa, na fundi wa kauri hapo anakabidhi rekodi zake: kundi la unga, namba ya tanuri, uga, joto, dakika, na d33 ya saa 24.